Rekodi ya usiku wa Ijumaa: uchambuzi wa faili iliyokwenda saa tatu mbele

Agosti 2021 mama mmoja alikuja kwenye hifadhi ya sauti ninakojitolea, hapa Tanga, na karatasi iliyokunjwa mkononi. Marehemu baba yake alikuwa nahodha wa jahazi. Sisi tunayo sauti yake, dakika arobaini na sita za mazungumzo juu ya kaskazi na kusi, bandari alizotia nanga na shehena alizobeba. Karatasi ile ilikuwa ukurasa wa katalogi yetu, niliyoichapa mimi mwenyewe. Alimwamkia Mwalimu, mzee anayeitunza hifadhi, kisha akanigeukia mimi.

"Mdogo wangu, hapa mmeandika baba alirekodiwa Ijumaa, tarehe 15 Machi 2019, saa saba na dakika nne usiku. Saa saba ya usiku ule baba alikuwa hospitali, hajitambui. Tulimpeleka saa sita. Alfajiri haikumkuta."

Mwalimu akasema yeye aliondoka kwa nahodha saa nne usiku, Alhamisi, na mama huyu ndiye aliyemfungulia mlango. Mama akaitikia kwamba ndivyo ilivyokuwa. Tatizo lilikuwa kaka yake, aliyeko Muskati. Alitumiwa ukurasa ule kwa simu, akausoma, akauliza kwa nini baba mgonjwa aliachwa azungumzishwe usiku wa manane mpaka akazidiwa. Dada alipomweleza kwamba Mwalimu aliondoka mapema, akajibiwa kwamba kompyuta haina sababu ya kusema uongo.

Basi watu wawili waliokuwepo nyumbani usiku ule walikuwa na neno moja, na karatasi yangu ikawa na neno jingine, na karatasi ndiyo iliyoaminiwa. Nilimwomba mama anipe siku tatu. Ninayoyaeleza hapa ndiyo niliyoyakuta, na nimeyaandika kwa urefu kwa sababu yeyote anayeandika programu ya kusoma tarehe za faili anaweza kuangukia palepale nilipoangukia mimi.

Tarehe ya kwanza ilikuwa ya siku ya kunakili

Kosa halikuwa moja. Yalikuwa makosa yaliyopandana, la juu likilifunika la chini, kwa hiyo sina budi kuanza mwanzo.

Mwalimu anarekodi wazee wa mwambao tangu enzi za kaseti. Alipopata kinasa sauti cha kidijitali hakuacha desturi yake: kila kadi ya kumbukumbu inakaa kwenye bahasha ndogo, na juu ya bahasha ameandika kwa wino, mstari kwa kila mazungumzo, ni nani, wapi, siku gani na saa ngapi. Mwaka 2021 bahasha zilikuwa kumi na tisa. Kazi yangu ilikuwa kuhamishia faili zote kwenye seva yetu, kompyuta ya kuhifadhia inayotumia mfumo endeshi wa Linux, halafu kuandika programu kwa lugha ya Python itakayopita folda moja baada ya nyingine na kutoa orodha yenye jina la faili, urefu wa rekodi na tarehe ya kurekodiwa.

Programu niliijaribu kwanza nyumbani, kwenye kompyuta yangu yenye Windows, nikiwa nimechomeka kadi yenyewe. Nilitumia `os.path.getctime`. Niliamini kwamba ile herufi c inasimama badala ya neno la Kiingereza la kuumba, kwa hiyo ninachopewa ni muda faili ilipozaliwa. Nyumbani ilitoa tarehe nzuri kabisa, zikifuata bahasha. Nikaipeleka kwenye seva, nikaiendesha, na faili zote mia nne na ushee zikatoka na tarehe moja: 9 Juni 2021, siku niliyozinakili.

Kwenye Linux na mifumo mingine ya ukoo wa Unix, c ile ni ya neno la badiliko. Ni muda ambao taarifa za faili ziliguswa kwa mara ya mwisho: maudhui yakiandikwa muda huo husogea, ruhusa zikibadilishwa husogea, faili ikipewa mmiliki mwingine husogea. Kwenye Windows, Python ililitumia jina hilohilo kwa muda wa kuundwa. Jina moja, maana mbili, kutegemea mashine unayoendeshea. Nyaraka za Python zinalisema jambo hili bila kificho, nami sikuwa nimezisoma. Toleo la 3.12, la Oktoba 2023, limetangaza kwamba `st_ctime` kwa maana ya kuundwa kwenye Windows ni ya kuachwa, na limewapa watu wa Windows `st_birthtime` badala yake.

Kuna watakaosema dawa ni kutafuta muda wa kuzaliwa wenyewe. Linux wanao: mfumo wa faili wa ext4 huuandika, na tangu kerneli (kiini cha mfumo) ya 4.11, ya mwaka 2017, kuna mwito uitwao `statx` unaoweza kuusoma. Ila kwangu usingesaidia kitu. Faili iliyo kwenye seva ilizaliwa kwenye seva, siku ileile ya tarehe 9 Juni. Iliyozaliwa nyumbani kwa nahodha ni ile ya kwenye kadi.

Nikahamia kwenye `os.path.getmtime`, muda ambao maudhui yaliandikwa mwisho. Tarehe 9 Juni tena. Hapa kosa lilikuwa la mkono wangu, lugha haina lawama: nilinakili kwa `shutil.copy`, ambayo hubeba maudhui na ruhusa na kuuacha muda nyuma. Ndugu yake, `shutil.copy2`, hujitahidi kubeba na muda. Wanaotumia mstari wa amri wanajua tofauti hiyohiyo kati ya `cp` na `cp -p`, na kwamba `rsync` bila `-t` au `-a` haihifadhi muda.

Jambo linaloniuma ni kwamba nilishamwambia Mwalimu kadi zilizokwisha kunakiliwa zinaweza kutumika tena, maana kila kitu kiko salama kwenye seva. Alikuwa ameshafuta tatu. Sauti zilikuwa salama kweli. Muda wake ndio uliopotea, na hata yeye asingejua kwamba kuna kitu kinapotea. Nitarudi kwenye kadi hizo tatu.

Bahasha na kompyuta zilipopatana

Kadi kumi na sita zilizobaki nilizichomeka upya, safari hii moja kwa moja kwenye seva, nikanakili kwa `copy2`, na kusoma muda hivi:

```
from datetime import datetime
from zoneinfo import ZoneInfo
import os

EAT = ZoneInfo("Africa/Dar_es_Salaam")
sekunde = os.stat(njia).st_mtime
muda = datetime.fromtimestamp(sekunde, EAT)
```

Nilijivunia mistari hii. Nilikuwa nimeshasoma kwamba `fromtimestamp` isipopewa ukanda wa saa hutumia ule wa mashine, na seva yetu imewekwa kwenye UTC, saa ya marejeo ya dunia iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu, kwa hiyo nilikuwa nimetaja ukanda waziwazi. Tarehe zikatawanyika miaka kadhaa, kama inavyopaswa. Kisha nikafanya jambo ambalo bado naliona ni jema: nilichukua bahasha, nikalinganisha siku iliyoandikwa na Mwalimu na siku iliyotolewa na programu, faili kwa faili.

Ukiacha faili sita zenye tarehe ya 1980, nitakazozieleza baadaye, rekodi za mchana zilipatana zote. Rekodi za usiku wa mbele, baada ya saa tatu, zilipatana zote. Zilizokataa zilikuwa chache, kama kumi, za kati ya magharibi na saa tatu usiku. Kwa hizo bahasha ilisema siku moja mbele ya kompyuta. Nikaandika pembeni mwa kila moja: lebo imekosewa. Sikumuuliza Mwalimu. Nilichukulia kwamba mzee amechanganya siku, jambo la kawaida, nikaendelea na kazi.

Hizo kumi ndizo zilizokuwa zikiniambia kuna kosa, nami nilizinyamazisha.

Bahasha ya nahodha ilikuwa na mstari huu: *Nahodha, kwake, usiku wa Ijumaa, saa 4.* Programu ilisema Ijumaa, 15 Machi, 01:04. Siku ni Ijumaa kote kuwili. Nilikuwa nalinganisha siku tu, saa nimeziacha, nikatia tiki.

Kwa aliyelelewa pwani kosa limeshaonekana. Usiku wa Ijumaa ni usiku wa kuamkia Ijumaa. Siku yetu huanza jua likizama. Saa moja ya usiku ndiyo saa ya kwanza ya siku mpya, na usiku hutangulia mchana wake. Mwalimu aliandika usiku wa Ijumaa akimaanisha ule ambao kalenda ya ukutani inauita Alhamisi usiku. Mimi nimekulia palepale, nimeusikia usemi huo maisha yangu yote, bibi yangu alikuwa hasemi vingine. Lakini nilipoketi mbele ya kompyuta niliisoma bahasha kwa macho ya kalenda ya ukutani.

Kwa hiyo Ijumaa ya Mwalimu na Ijumaa ya programu hazikuwa siku moja. Ya Mwalimu ilikuwa sahihi kwa hesabu yake. Ya programu ilikuwa kosa lililosogeza rekodi mbele mpaka ikavuka saa sita za usiku na kuangukia kwenye jina lilelile. Rekodi zote zilizofanywa baada ya saa tatu usiku zilisogezwa hivyo, na ndiyo maana zote zilipatana na bahasha. Zile za magharibi mpaka saa tatu zilisogezwa pia, ila hazikufika kuvuka, zikabaki upande wa huku, na ndizo pekee zilizoonyesha tofauti. Ukaguzi wangu uliyapitisha makosa na kuwatilia shaka mashahidi.

Kilichobaki kujua ni nani aliyesogeza.

Kadi haijui iko wapi

Nilitoa kadi ya nahodha kwenye bahasha, nikaichomeka kwenye kompyuta yangu ya nyumbani. Windows ikaonyesha: Alhamisi, 14 Machi 2019, 22:04. Nikaichomeka kwenye seva. Seva ikatoa namba 1552601054, ambayo kwa saa za Afrika Mashariki ni Ijumaa, 01:04:14. Kadi moja, faili moja, hakuna aliyeigusa kati ya kompyuta moja na nyingine, na tofauti ni sekunde 10,800 barabara. Saa tatu.

Kadi za ukubwa huu, zisizozidi gigabaiti 32, kwa kawaida hutumia mfumo wa faili wa FAT, na FAT ni ya zamani sana. Muda wa kubadilishwa kwa faili huwekwa kwenye biti 32, yaani tarakimu 32 za sifuri na moja. Kumi na sita ni za tarehe: saba za mwaka unaohesabiwa kuanzia 1980, nne za mwezi, tano za siku. Kumi na sita ni za saa: tano za saa, sita za dakika, tano za sekunde. Biti tano hazitoshi kuhesabu sekunde sitini, kwa hiyo FAT huhesabu sekunde mbilimbili. Ndiyo maana muda wa kubadilishwa kwenye kadi kama hizi huishia kwenye sekunde shufwa daima, na ndiyo maana miaka yake inaishia 2107. Ukishazigawa hivyo, biti zote 32 zimekwisha. Hakuna iliyobaki ya kusema saa hii ni ya wapi.

Unix haifanyi hivyo. Unix huhesabu sekunde tangu 1 Januari 1970 saa sita usiku kwa UTC, na namba hiyo ni ileile uwe Tanga, Muskati au London. Ukanda wa saa huingia pale tu unapotaka kumwonyesha binadamu. FAT imeandika kile kilichoonekana kwenye uso wa saa ya kinasa sauti, basi. Imeandika 22:04:14, tarehe 14 Machi 2019, kama Mwalimu alivyoandika saa 4 juu ya bahasha, na kuacha atakayesoma ajue mwenyewe ni saa za nani.

Sasa mfumo endeshi unaosoma kadi hiyo hauna budi kukisia. Windows ilikisia kwamba kadi inafuata saa za kompyuta, na kompyuta yangu iko kwenye saa za Afrika Mashariki, kwa hiyo ikapatia. Seva iko kwenye UTC. Nayo ikakisia hivyohivyo, ikaichukua 22:04 kuwa ya UTC, ikaipa namba 1552601054. Namba sahihi ilikuwa 1552590254. Halafu programu yangu, kwa uaminifu wote, ikaichukua ile namba yenye kosa na kuongeza saa tatu ili kuileta kwenye saa za kwetu, ingawa ilikuwa ya kwetu tangu mwanzo.

Mistari yangu ya Python haikuwa na kosa hata moja. Ningeweza kuikagua mwaka mzima nisione kitu. Kosa liliingia kabla programu haijaanza, pale seva ilipoifungua kadi, na wote tuliozoea kulitafuta kosa ndani ya msimbo wetu tuna hakika ya kulikosa.

Linux ina dawa yake, nayo ni fupi. Unapoifungua kadi unaiambia tofauti ya saa, kwa dakika, na kuizuia isiandike chochote juu ya kadi:

```
mount -o ro,time_offset=180 /dev/sdb1 /mnt/kadi
```

Dakika 180 hutolewa kwenye kila muda uliosomwa, na kinachobaki ni UTC ya kweli. Tuna bahati pwani hii: Tanzania, Kenya na Uganda hazisogezi saa kwa majira ya mwaka, kwa hiyo 180 inafaa Januari mpaka Desemba. Kadi za mahali wanaposogeza saa zingetaka hesabu mbili, moja ya majira ya joto na moja ya majira ya baridi.

Hata hivyo si kadi zote kumi na sita zilizotaka 180. Moja ililetwa na jamaa wa Mwalimu kutoka Muskati, ina mazungumzo na wazee wa huko wanaosema Kiswahili. Oman iko saa nne mbele ya UTC, na kinasa sauti kilichotumika kilikuwa cha huko. Ile ilitaka 240. Nilijua kwa sababu bahasha ilisema Maskat, kwa mwandiko wa Mwalimu. Ndani ya kadi hakuna kitakachokuambia.

Na moja ilikuwa na faili sita zenye tarehe 1 Januari 1980. Betri ya saa ya kinasa ilikuwa imekufa, na kifaa kikaanza kuhesabu kutoka mwanzo wa dunia ya FAT. Hizo sikuzirekebisha kwa namna yoyote. Kwenye katalogi uwanja wa muda wa faili niliuacha mtupu, na tarehe ikachukuliwa kutoka kwenye bahasha, ikionyeshwa kwamba imetoka huko.

Kilichoandikwa ndani ya sauti yenyewe

Mpaka hapo nilikuwa na maelezo yanayoridhisha, lakini nilishawahi kuridhika mara moja, na kaka aliyeko Muskati alikuwa amekwisha kuambiwa jambo moja na kompyuta. Sikutaka kumpelekea jingine bila ushahidi usiotegemea kadi.

Faili za WAV, aina ya faili za sauti, zinazotengenezwa na vinasa sauti vingi vya kazi huwa na kipande kiitwacho `bext`. Kiliwekwa na Umoja wa Utangazaji wa Ulaya mwaka 1997, kwa ajili ya redio kubadilishana sauti bila kupoteza habari zake. Ndani yake kuna tarehe na saa ya kuanza kurekodi, kwa herufi za kawaida: baiti kumi za tarehe, baiti nane za saa. Yamo ndani ya maudhui ya faili, kwa hiyo hayajali kama umenakili kwa `copy` au `copy2`. Moduli ya `wave` ya Python haikupi kipande hiki, lakini kukisoma mwenyewe si kazi kubwa:

```
import struct

def soma_bext(njia):
    with open(njia, "rb") as f:
        f.read(12)
        while True:
            kichwa = f.read(8)
            if len(kichwa) < 8:
                return None
            aina, ukubwa = struct.unpack("<4sI", kichwa)
            if aina == b"bext":
                d = f.read(ukubwa)
                return d[320:330].decode("ascii"), d[330:338].decode("ascii")
            f.seek(ukubwa + ukubwa % 2, 1)
```

Faili ya nahodha ilinijibu: 2019-03-14, 21:18:09. Urefu wa rekodi ni dakika 46 na sekunde 6. Jumlisha, unapata 22:04:15. FAT haijui sekunde 15, imeandika 14. Hapo nikaelewa na jambo jingine ambalo nilikuwa sijalitilia maanani: muda wa kubadilishwa ni wa mwisho wa kuandika, kwa hiyo kwa rekodi ni saa mazungumzo yalipokwisha. Katalogi yangu ilikuwa ikiuita muda huo wa kurekodiwa, bila kusema ni wa kuanza au kumaliza. Mwalimu naye aliandika saa 4 alipokuwa akiitia kadi kwenye bahasha, baada ya kumaliza. Walikuwa wakisema kitu kimoja.

`bext` ndiyo iliyookoa zile kadi tatu zilizofutwa. Nakala nilizozivua tarehe kwenye seva zilikuwa bado na kipande hicho ndani, zimekaa nacho muda wote nilipokuwa nikihesabu tarehe zake zimepotea.

Lakini `bext` nayo imeandikwa kwa saa ya kinasa sauti kilekile. Kama saa hiyo haikuwa sahihi, kadi na `bext` zitakosea pamoja na kupatana. Basi nikavaa vidude vya masikioni nikasikiliza dakika zote 46, nikitafuta chochote kinachojua saa bila kuulizwa kifaa. Kwenye dakika ya 40 na sekunde 31 nikakipata. Redio ya nyumbani kule inasikika kwa mbali, inapiga mlio wa saa, na msomaji anaanza taarifa ya habari ya saa nne kamili usiku. Kwa hesabu ya kinasa sauti hapo ni 21:58:40. Kinasa kilikuwa nyuma kwa dakika moja na sekunde ishirini. Mazungumzo yalianza saa tatu na dakika kumi na tisa usiku, yakaisha saa nne na dakika tano. Alhamisi, tarehe 14 Machi 2019. Usiku wa Ijumaa.

Katalogi ilivyo sasa

Nilipeleka habari kwa Mwalimu kabla ya kumpigia mama. Nilianza na zile lebo kumi nilizoandika kwamba zimekosewa, nikamwomba radhi. Alizipitia moja moja, akacheka kidogo, akasema, "Mwanangu, ungeniuliza ningekwambia. Usiku wa Ijumaa hauwi mwingine." Kisha akaniagiza jambo ambalo nimelifuata: maneno ya bahasha yaingie kwenye katalogi kama yalivyo, bila kugeuzwa kuwa tarehe.

Kwa hiyo kila rekodi sasa ina nyanja kadhaa pale palipokuwa na moja. Kuna maneno ya bahasha. Kuna muda wa kwenye kadi kama ulivyosomwa, bila ukanda. Kuna ukanda niliouchukulia na sababu ya kuuchukulia. Kuna muda wa `bext`, kama upo. Mwisho kabisa ndipo panapokuja mwanzo na mwisho wa mazungumzo kwa saa za mahali yalipofanyika, na hizo ndizo zinazochapwa.

Ukaguzi wa bahasha nao niliuandika upya. Programu sasa huchukulia kwamba kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni, karibu na jua kuzama hapa Tanga mwaka mzima, siku ya Mwalimu imeshakuwa ya kesho, na huhesabu saa zake kwa Kiswahili, saa 4 ya usiku ikiwa 22. Inalinganisha siku na saa pamoja. Kati ya rekodi za kadi kumi na tano za huku na ile moja ya Muskati, ukiacha zile sita za 1980, zote zilipatana isipokuwa mbili, na hizo mbili nilimuuliza Mwalimu kabla ya kuandika neno lolote pembeni. Moja alikuwa amerekodi dakika chache baada ya adhana ya magharibi siku ambayo jua lilizama mapema kuliko kikomo changu. Ya pili mwenyewe alikiri amekosea siku, akaomba bahasha, akaandika masahihisho kwa kalamu yake na kuyatia tarehe.

Kulinganisha muda wa faili kati ya kadi na seva nako kulinifundisha jambo dogo ninaloliweka hapa kwa atakayefanya kazi kama yangu. Usitake ziwe sawa kabisa. `st_mtime` ya Python ni namba ya desimali isiyoweza kubeba nanosekunde zote, na ukihitaji uhakika huo ipo `st_mtime_ns`, ambayo ni namba kamili. Mahali palipo na kadi ya FAT, ruhusu tofauti ya sekunde mbili.

Mama alirudi siku ya tatu kama tulivyopatana. Nilimpa ukurasa mpya, nikamweleza kwamba saa saba ilitokana na seva yetu kusoma saa za kadi kama saa za UTC, na kwamba Mwalimu na yeye walisema kweli tangu mwanzo. Nikamwekea dakika ya arobaini. Redio inapiga mlio, taarifa inaanza, na sauti ya nahodha inakatisha hadithi ya mlingoti uliovunjika ili kumwita mtu wa chumba cha pili apunguze redio, ina kelele.

"Ni mimi," alisema. "Mimi ndiye aliyekuwa akiniita."

Tulikata dakika mbili zile, tukazituma Muskati pamoja na ukurasa. Kesho yake kaka yake alipiga simu kwa Mwalimu, akamwamkia, na habari ya saa hakuitaja tena. Aliomba atumiwe rekodi yote.